Nilimpa rafiki yangu jina la presha yake, sasa zamu yangu imefika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 46, nina mke na watoto watatu, nauza vipuri vya baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Nakuandikia saa 9 usiku kwa sababu nimeamka kwenda chooni mara ya tatu na usingizi umekataa kurudi.

Tuna kijiwe chetu. Tuko watano, na watatu kati yetu tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Kila siku baada ya alasiri tunakaa kwenye benchi nje ya duka langu, muuza kahawa anatua birika lake, tunacheza drafti kwa vizibo vya soda mpaka adhana ya magharibi. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kusikia ugomvi wa maana pale. Ni utani tu.

Na utani wetu mkubwa ni wa maradhi. Kwetu mtu haumwi kimyakimya. Ukipiga chafya mara mbili unaulizwa kama wosia umeshaandikwa. Kocha goti lake linalia akiinuka, tunamwambia aingie dukani nimtie grisi. Mwenzetu mwenye vidonda vya tumbo akigusa maharage tunamsomea dua ya safari. Mwingine alipoanza kuvaa miwani tulimwonyesha noti ya elfu kumi kwa mbali tukamuuliza ni shilingi ngapi. Wote wanacheka, na wao wanarudisha. Mimi ndiye fundi wa majina. Jina nikilitoa mimi halifutiki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana wahudumu wa afya walikuja kupima watu bure uwanjani, akapima, wakamwambia presha yake ni 160 kwa 100, aende kituoni. Alikwenda, akapimwa tena na tena, akaandikiwa dawa. Aliporudi kijiweni akatusimulia, nami pale pale nikasema, "Karibu, Mia Sitini!" Basi likaganda. Muuza kahawa akawa anauliza, "Mia Sitini leo hajafika?" Ikafika mahali watoto wa mtaani wanamwamkia, "Shikamoo, Mia Sitini," wengine ni wanafunzi wake.

Yeye alikuwa amepanga kumeza kidonge chake saa 11 jioni, akisema ndiyo saa asiyoweza kuisahau kwa sababu yuko nasi. Anakiweka kwenye kiberiti, anaomba maji kwa muuza kahawa, anameza, tunaendelea. Siku moja kiberiti kilimfungukia mkononi, vidonge vitatu vikaanguka juu ya ubao wa drafti katikati ya vizibo. Shangazi, nilikichukua kimoja nikakifanya kete. Nikaruka nacho kete mbili za Kocha, nikakifikisha mwisho wa ubao, nikapiga kelele, "Kingi! Mia Sitini kapata kingi!" Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Na yeye alicheka. Akaokota vile viwili, halafu akanyoosha kiganja akakisubiri cha tatu, ambacho bado nilikuwa nimekishika mimi.

Tangu siku ile sikukiona tena kile kiberiti. Nilidhani amebadilisha saa ya kumeza. Wiki mbili zilizopita tulibaki wawili tu, nikamuuliza. Akanijibu bila kunitazama, "Nimeshaacha zamani. Mimi siumwi. Nyie ndio mliokuwa mnanifanya mgonjwa."

Maneno hayo hayajanitoka. Na kuna lingine. Mimi mwenyewe kwa miezi kama miwili sasa naamka usiku mara tatu, mara nne. Kiu hainiishi, nikiwa dukani nashushia soda baridi mbili au tatu kwa siku na bado koo ni kavu. Mkanda nimeutoboa tundu mbili mpya. Vidole vya miguu vina ganzi kama nimekalia mguu. Mke wangu ameniambia kuna sisimizi wanajaa chooni pale ninapokojoa mimi, na akaninyamazia akisubiri niseme kitu. Sikusema. Nilitania.

Najua ninachohofia. Lakini nikiwaza kijiwe kitakavyonipokea, naogopa zaidi ya ugonjwa. Jina langu nimeshalijua hata kabla hawajanipa, maana ndilo ambalo ningempa mtu mwingine.

Nimefikiria nipande daladala niende nikapime Muheza ambako hakuna anayenijua, nisimwambie mtu. Pia nimefikiria nihamishe benchi, niseme duka limebanwa, kijiwe kife. Nifanye lipi? Na kuhusu Mwalimu, ni kosa langu?

Fundi wa Majina, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na niliposoma mara ya tatu nilikuwa nimeshakasirika na kutulia. Nitaanza na mwili wako kwa sababu huo haungoji.

Kukojoa mara kwa mara usiku, kiu isiyokatika, kukonda bila kujinyima, ganzi ya vidole: hizo zikikutana kwa mtu mmoja, jambo la kwanza la kupima ni sukari. Sikuambii unayo. Mwanaume wa umri wako anaweza kuamshwa usiku na tezi dume, au na vikombe vya kahawa ya jioni, au na maambukizi ya njia ya mkojo. Lakini tezi dume haimkaushi mtu koo wala haimtoboshi mkanda. Nenda kapime. Ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole, na jibu unalipata ukiwa umekaa pale pale.

Wengi huahirisha kwa kuambiwa lazima uende na njaa. Ukiweza kulala bila kula, ukae muda wa saa nane na zaidi, ni vizuri. Kipimo hicho kikisoma 7.0 au zaidi (kwa mashine inayosoma mmol/L) ni kisukari. Kikiwa chini ya 6.1 uko sawa. Hapo katikati ni onyo la kubadili maisha mapema. Ila kwa dalili zako, hata ukifika umekula mihogo na chai, pimwa hivyo hivyo. Mwenye dalili kama zako akikutwa na 11.1 kwenda juu, saa yoyote ile, daktari hana haja ya kubahatisha. Usingoje siku ya kufunga.

Tangu leo acha zile soda. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, nawe unakunywa mbili tatu ili kuzima kiu ambayo huenda ni hiyo hiyo sukari imeiwasha. Kunywa maji. Na usije ukafanya kosa la kupunguza maji ili usiamke usiku. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo, mwili ukakauka wakaletwa hospitali wamebebwa. Ukianza kutapika, tumbo likauma, ukahema kwa nguvu au ukaona usingizi mzito unakujia mchana, hiyo siyo habari ya kesho asubuhi. Ni saa hiyo hiyo, kwa bodaboda, kwa jirani mwenye gari, kwa chochote.

Kuhusu ganzi: wewe unauza vipuri, sakafuni kwako hakukosi spoku zilizokatika na vipande vya waya. Vaa viatu vya kufunika, siyo kandambili, na kila usiku kabla ya kulala itazame miguu yako, juu, chini na katikati ya vidole. Mtu mwenye ganzi anaweza kukanyaga kitu asubuhi akakigundua kwa harufu wiki ya pili. Nilimuuguza shemeji yangu aliyeanza hivyo, na siwezi kuandika habari hii kwa wepesi.

Mke wako umemtaja kwa mistari miwili tu. Mwanamke aliyeona sisimizi, akakwambia, kisha akanyamaza akikusubiri, huyo ameshajua na anaogopa peke yake. Sisimizi si kipimo cha hospitali, lakini jicho lake halikukosea kutazama. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, na umwambie kabla hajaja kukuuliza tena.

Sasa utani.

Huko kwetu Kisarawe, sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wanateremka pwani na mizigo. Baba yangu alipofariki, kabla hatujamaliza kulia alifika mtani wake, mzee wa Kinyamwezi waliyefanya naye kazi bandarini. Akavaa kofia ya marehemu. Akakohoa kikohozi chake kile kile, akashika kiuno kama alivyokuwa akishika, akadai deni la ugoro kwa maiti mbele ya wajane. Watoto walicheka wakiwa na machozi. Mimi nilikuwa binti mkubwa wakati huo na nilichukia, nikamwambia mama afukuzwe. Mama akaniuliza, "Unajua usiku wa jana ni nani aliyekuwa anachimba kaburi?" Alikuwa yeye. Na ndiye aliyekuwa akimpeleka baba kliniki ya kifua kila mwezi, mwaka mzima, akimtania njia nzima.

Nimekusimulia hayo kwa sababu umeandika "ni utani tu", nami sikubali hilo neno "tu". Wazee waliposema fulani ni mtani wetu hawakuwa wanampa ruhusa ya mdomo peke yake. Walikuwa wanampa kazi. Mtani ndiye anayebeba, ndiye anayechimba, ndiye anayeaminiwa kuingia chumba cha mgonjwa. Ndiyo maana anaruhusiwa kusema ambalo ndugu wa damu hawezi kulitamka. Mkwe haruhusiwi, jirani haruhusiwi. Wewe kijiweni umechukua haki ya mtani, na kazi yake hujaifanya. Ulimwambia Mwalimu "Mia Sitini" mara ngapi kwa mwaka? Na mara ngapi ulimuuliza, "Leo ulipopima ilisomaje?"

Kuna utani kwenye kijiwe chenu ambao sina ugomvi nao hata kidogo. Goti la Kocha, miwani, dua ya maharage, hayo yaacheni yaendelee. Goti linalolia Kocha mwenyewe analisikia na benchi zima linalisikia, hakuna siri iliyovunjwa, na nina hakika yeye ndiye aliyeanza kulicheka. Presha ya Mwalimu si hivyo. Aliwapa habari ile kwa mdomo wake, kwa sababu anawaamini, na ndani ya dakika ile ile ukaigeuza jina. Halafu jina likatoka benchini, likaenda mtaani, likafika kwa wanafunzi wake. Utani ukishavuka watu mliokubaliana, yule anayetaniwa hana tena wa kumrudishia. Atamrudishia mtoto wa darasa la nne?

Na kile kidonge. Nimekitazama sana kile kidonge, mwanangu. Mtu huyu ana nyumba, ana mke, ana mtungi wa maji kwake. Kati ya saa zote 24 alichagua saa 11 jioni na kati ya mahali pote akachagua benchi lenu, akasema hapo ndipo sitasahau. Alikuwa amewakabidhi dawa yake bila kuwaambia. Wauguzi kliniki wanahangaika miezi kumpatia mgonjwa tabia kama hiyo, ya kufunga dawa kwenye jambo analolifanya kila siku. Yeye aliipata mwenyewe, na jambo lenyewe mlikuwa nyinyi. Ulipokifikisha kidonge mwisho wa ubao ukasema kingi, alicheka, ndiyo. Ulitaka afanyeje, alie? Mtu mzima akinyoosha kiganja kusubiri arudishiwe dawa yake mbele ya wenzake wanaocheka, kicheko chake usikihesabu.

Umeuliza ni kosa lako. Kidonge kuwa kete ni kosa lako, na hilo sikupunguzii. Kuacha dawa ni uamuzi wake, na huenda una sababu ambazo hakukwambia. Usizibebe zote kichwani kwako, maana ukienda kwake umebeba mzigo wote utaishia kutaka yeye ndiye akutulize wewe. Dawa za presha nyingine zinavimbisha miguu. Nyingine zinaleta kikohozi kikavu kisichoisha. Nyingine zinampeleka mtu chooni kila mara, na mwalimu aliye darasani na watoto hamsini hawezi kutoka kila saa. Nyingine wanaume wanazishuku chumbani, wanaziacha kimya, na hawamwambii daktari kwa aibu, wakati daktari angeweza kuwabadilishia kwa dakika tano. Na kuna waliomaliza dawa za kwanza wakadhani ni kama dozi ya malaria, ukimaliza umepona. Dawa ya presha haiponyi, inashikilia. Siku unayoiacha inaachia.

Kibaya ni kwamba ikiachia haipigi hodi. Mtu ana 160 kwa 100, au 180, na anapanda baiskeli, anafundisha, anacheza drafti, kichwa hakimuumi. Ndiyo maana Mwalimu anaweza kukwambia "siumwi" na akawa anasema kweli kabisa ya anavyojisikia. Siku atakayoumwa inaweza kuwa siku ya kiharusi, mkono mmoja umekufa na mdomo umepinda, au figo zimeshachoka. Sisemi hivi ukamtishe nayo. Watu waliotaniwa mwaka mzima hawahitaji tena kutishwa.

Sasa nikuambie la kufanya, na ndilo jibu la Muheza pia.

Usiende Muheza. Si kwamba ni vibaya. Kama ndiyo njia pekee itakayokufikisha kwenye kipimo, nenda hata leo. Lakini fikiria mbele kidogo. Ukikutwa na sukari utakuwa na kliniki kila mwezi, utapimwa, utachukua dawa, utaangaliwa macho na miguu. Utapanda daladala kujificha kila mwezi mpaka uzee? Mtu anayejificha ndiye anayeanza kuruka mwezi mmoja, halafu miwili. Kapime hapo hapo mjini kwako.

Na usiende peke yako. Nenda kwa Mwalimu umwombe akusindikize.

Najua hukutegemea hilo. Ulitaka nikwambie namna ya kumrudisha kwenye dawa. Lakini wewe ukienda nyumbani kwake kama mshauri, na kifua mbele, "rafiki yangu rudi kwenye dawa", atasikia Mia Sitini hata kama hukulitamka. Nenda kama ulivyo: mtu asiyelala, mwenye kiu, mwenye hofu. Katika benchi zima yeye ndiye peke yake anayejua kukaa kwenye foleni ya kliniki kunavyokuwa, kushikwa mkono na mashine ikabana, kusubiri namba itoke. Anakijua kitu ambacho wewe hukijui. Mpe nafasi ya kukijua mbele yako.

Nenda nyumbani kwake, baada ya isha, si kijiweni na si kwa simu. Msamaha utangulie, na uwe mfupi. Mwambie: "Siku ile nilichukua dawa yako nikaichezea. Nilikosea. Na jina lile nililokupa nalifuta mimi mwenyewe." Usiongeze "lakini tulikuwa tunatania". Usimuulize kama amekasirika, kwa sababu atasema hapana na mtarudi mlipokuwa. Ukishasema, nyamaza. Kama ataka kukaa kimya dakika mbili, kaa naye. Kisha mwambie habari zako zote, sisimizi na mkanda na soda, kama ulivyoniandikia mimi, na umwambie unaogopa na unataka akupeleke asubuhi.

Usifanye mtego. Ninachokisema hapa ni tofauti na kumdanganya mtu akusindikize ili umkamatie huko. Mwambie wazi kabisa: "Mimi nitapima sukari, na ningependa na wewe upime presha tukiwa hapo, ukitaka." Hilo "ukitaka" lisemwe kwa kweli. Akikataa siku hiyo, ameshakaa na wewe kwenye benchi la kliniki, na hilo si dogo.

Akikubali, mkumbushe kupima kunavyotakiwa kuwe. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyotangulia, kibofu kiwe kitupu, akae dakika 5 ametulia mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, na asiongee mashine inapobana. Wengi hupimwa wametoka kutembea juani wanasimulia habari, kisha wanashangaa namba. Ikiwa bado iko 140 kwa 90 au juu yake, aongee na mhudumu aanze upya kwa utaratibu. Asirudie vile vidonge vya zamani vya kwenye kiberiti kwa kukisia. Vilikaa kwenye joto na huenda sasa anahitaji vingine. Na hapo ndipo aseme kwa nini aliacha. Kama ni la chumbani, wewe toka nje ukanunue maji.

Kuhusu kuua kijiwe: tafadhali usifanye hivyo. Wanaume wa umri wako wakipoteza benchi hawatafuti jingine, wanakaa ndani na redio. Tena kwa Mwalimu kijiwe kikifa leo atajua ni kwa sababu yake, na itakuwa umemtoa mara mbili. Wewe rudi jioni ile ile ya kliniki. Watanyanyua vichwa wakuulize ulikuwa wapi na duka limefungwa asubuhi, na hapo ndipo pagumu kwako, pagumu kuliko sindano. Sema kabla hawajakisia. "Nimekwenda kupima sukari, imesoma kadhaa." Litaje mwenyewe, kwa sauti yako ya kawaida. Kisha sema la pili: kwamba jina la Mia Sitini limekufa, aliyelizaa ni wewe na aliyelizika ni wewe, na atakayelitamka atalipa kahawa ya benchi zima. Watani wamekuwa wakitozana faini tangu zamani, hakuna atakayekushangaa. Muuza kahawa mwambie pembeni, kwa heshima, maana mdomo wake unafika mitaa mingi kuliko wako. Watoto wakimwamkia tena kwa jina lile, wewe uliye karibu ndiye wa kuwaita na kuwarekebisha, usimwachie yeye.

Watakupa jina? Labda. Unawajua kuliko mimi. Lakini jina linalotupwa kwa mtu aliyejitaja mwenyewe, mbele ya watu waliomwona akiomba msamaha, halina meno yale. Na likikuuma, sema limeniuma, jioni hiyo hiyo. Mwalimu hakusema, na tumeona miezi ilivyokwenda.

Kuna jambo dogo la kahawa yenyewe. Kahawa chungu haina sukari, kwa hiyo hutalazimika kuhama birika. Kashata ndiyo utakayoiacha, karanga zake zimeshikana kwa sukari tupu. Mwombe muuza kahawa akuletee karanga za kukaanga, kavu. Ukiona wenzako wananunua mashine ya presha iwe ya kijiwe, ni wazo zuri, ila msiifanye ligi ya nani kapata ngapi. Namba ya mtu ibaki kwake na kwa anayemwambia.

Ukipata majibu, niandikie, hata kama ni mabaya, na hasa kama ni mabaya. Usiku huu jaza jagi la maji uliweke karibu na kitanda, na mke wako akigeuka, mwambie. Kesho baada ya isha pita kwa Mwalimu, na asubuhi inayofuata mtoke mapema kabla foleni haijawa ndefu. Utakapopiga hodi mlangoni kwake, mwite kwa jina mlilokuwa mnaitana darasa la kwanza.